Sura ya Sita: Mtungi wa Kadibodi

Siku mbili kabla ya sendofu yoyote ya maana, gati la Nansio husema kila kitu. Meli ya Mwanza ikishafungwa kamba, wapagazi huanza kushusha: kreti za bia, kreti za soda, magunia ya mchele, spika za MC, na keki ambayo dada mmoja ameipakata safari nzima kana kwamba ni mtoto mchanga. Aliyesimama pale anajua kamati imekusanya kiasi gani bila kufunuliwa daftari la michango. Na miaka hii, katikati ya kreti hizo, vinashuka vitu vya mraba vyenye mpini wa plastiki. Mpagazi hubeba kimoja mkono huu na kingine mkono ule huku akipiga soga, wala hakuna anayemfokea, "Polepole, kaka!" Ni maboksi ya waini, ya lita tano tano.

Nimekaa kwenye kamati za vinywaji tangu enzi ambazo waini kwenye shughuli zetu ilikuwa chupa moja ya meza kuu, ya kupigiwa picha. Wageni wengine walipata bia mbili mbili au soda, basi. Siku hizi mama wa bwana harusi anataka glasi yake, mashangazi wanataka, walimu waliomfundisha binti wanataka, na paroko akipita kubariki chakula naye hakatai. Chupa haziwezi kubeba mzigo huo kwa michango yetu. Boksi linaweza, ila si kila boksi na si kila shughuli. Sura hii ni ya mtu aliyekabidhiwa fedha za watu kisha akaambiwa, "Wewe unajua mambo ya waini, shughulikia."

Kanuni yangu ni moja. Bei ya waini si ile iliyobandikwa dukani Mwanza. Bei ni ya glasi inayofika mkononi mwa mgeni Nansio ikiwa bado ni waini. Kati ya duka na mkono huo kuna tarehe, jua, mawimbi, koki na vijana wa kuhudumia, na kila mmoja wao hukata chake.

Kisiwani kwetu kinywaji cha wageni hakikuzoea kupimwa kwa chupa. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, aliandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka na kuimaliza mwaka 1945. Ilisubiri hadi 1980 kutoka kwa Kiswahili. Ndani yake mume aliyenyang'anywa mke na wakwe anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mwenzake. Mjumbe wa kamati ya vinywaji akiisoma ataiona kazi yake mwenyewe. Kiasi hutokana na idadi ya midomo. Siku huhesabiwa kwa kurudi nyuma kuanzia siku ya wageni, maana pombe ya ndizi haisubiri mtu: leo bado juisi, kesho imechangamka, keshokutwa kali, baada ya hapo imechacha. Na mtungi ukishafunguliwa, unamalizwa.

Boksi lina undugu na mtungi ule kuliko lilivyo na undugu na chupa. Linapimwa kwa watu, lina siku zake, na likifunguliwa halipendi kurudishwa kabatini. Makosa mengi ninayoyaona hutokana na kulitendea kama chupa kubwa: kulinunua mapema kwa sababu lilikuwa na punguzo, kulihifadhi juu ya kabati hadi Krismasi, au kulifungulia wageni wanne.

Ukoo wake hauna makuu. Mmarekani William Scholle ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1950, mfuko wa plastiki unaokaa ndani ya boksi, na alichotaka kubeba ni asidi ya betri. Mwaka 1965 mtengeneza waini wa Australia, Thomas Angove wa mji wa Renmark, akajaza waini galoni moja katika mfuko wa namna hiyo. Boksi lake la kwanza halikuwa na koki. Mnunuzi alikata kona ya mfuko kwa mkasi, akamimina, kisha akaibana kwa kibanio, kama tunavyofanya na mfuko wa maziwa. Koki ilifuata kama miaka miwili baadaye, hukohuko Australia, kutoka kwa Charles Malpas na kampuni ya Penfolds. Bila koki hiyo nadhani tungekuwa bado tunakunywa kwa mkasi.

Ukipata boksi tupu lipasue uone. Ndani kuna mfuko wa tabaka kadhaa, mara nyingi moja linang'aa kama fedha. Waini ikitoka, mfuko unasinyaa, na hewa haina pa kuingilia. Kwenye chupa ni kinyume: nafasi iliyoachwa na waini hujazwa na hewa, na baada ya siku mbili tatu ladha imelala. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa maboksi huahidi wiki nne hadi sita baada ya koki kufunguliwa. Wanazungumzia friji lakini, tena friji lisilokatiwa umeme. Mimi bila friji sivuki siku kumi.

Upande wa pili wa habari hiyo husahaulika. Plastiki si kioo. Hewa huipenya kidogo kidogo, na hupitia kwenye koki pia, hata kabla hujafungua. Palipo na joto hupenya upesi zaidi. Kwa hiyo waini ya boksi huanza kuzeeka siku ileile ilipojazwa, na mwaka mmoja kwake ni uzee. Yule jamaa wa kila kamati anayesema waini hunoga kadiri inavyokaa anazungumzia chupa chache za matajiri. Boksi halinogi. Linachoka.

Hilo nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita duka moja la Mwanza lilikuwa na maboksi ya waini nyeupe kwa bei ya kutupa, nami nikachukua mawili kwa ajili ya kipaimara cha mpwa wangu. Vumbi lilikuwa limefutwa vizuri. Sikugeuza chini. Siku ya shughuli glasi ya kwanza ikapelekwa kwa shangazi, mtu aliyepika pombe ya ndizi tangu ujana wake.

"Shikamoo, shangazi. Karibu waini."

"Marahaba, mwanangu."

Akanusa. Akaonja tone, akaiweka glasi mezani, akaifunika kwa kisahani kama mtu anayefunika mboga isiingie nzi.

"Hii imepita siku yake. Mmeitoa wapi?"

"Afrika Kusini, shangazi."

"Hata ingetoka mbinguni. Peleka jikoni wakalowekee mbuzi."

Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipoligeuza boksi, tarehe ilionyesha miezi kumi na tisa tangu lijazwe. Mbuzi yule alisifiwa na kila mtu, nami nikabaki nagawa soda.

Basi kwanza tarehe, kabla ya jina, kabla ya picha ya shamba la mizabibu, kabla ya bei. Iko chini ya boksi au ubavuni karibu na mpini, mara nyingine kwa wino hafifu juu ya gundi. Tafuta ya kujazwa; wakiwa wameandika ya mwisho tu, rudi nyuma mwaka mmoja upate makisio. Chini ya miezi sita nanunua bila wasiwasi. Kati ya sita na tisa nachukua nyekundu na kuacha nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo huonyesha uzee mapema. Zaidi ya hapo napita, hata wakinipa kwa nusu bei. Angalia pia boksi limekaa wapi dukani. La dirishani linalopigwa na jua la mchana lina umri mkubwa kuliko tarehe yake.

Hapa msimu una maana yake. Waandishi wa Ulaya huandika juu ya waini za kiangazi kwa sababu kwao jua huja na kuondoka. Sisi tuko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta. Jua letu halina likizo. Shughuli ndizo zenye msimu: Juni hadi Septemba mvua zikiwa zimekatika, na Desemba wana wa kisiwa wanaporudi kutoka Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko. Katika miezi hiyo maboksi hayakai dukani, yanaingia na kutoka, na ni rahisi kukuta lililojazwa karibuni. Punguzo la Februari na Machi ni mabaki ya Krismasi. Ukiwa na shughuli Machi, soma tarehe mara mbili.

Baada ya tarehe, stempu. Tangu mwaka 2019 bia, waini na vinywaji vikali vinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, na TRA wana programu ya simu, Hakiki Stempu, ya kuikagua. Chukua dakika moja dukani. Ziwa hili ni pana na mitumbwi ni mingi. Boksi lisilo na stempu laweza kuwa nafuu, lakini anayeeleza likikamatwa ukumbini ni wewe, siyo aliyekuuzia.

Kisha sukari, na hapa ndipo kamati nyingi huumia. Maboksi ninayokutana nayo zaidi ni ya Afrika Kusini, yenye majina kama Drostdy-Hof na 4th Street, yote mawili ya ukoo wa Distell ya Stellenbosch, kampuni iliyoingia mikononi mwa Heineken mwaka 2023. Lebo zake zina lugha yake. Neno dry maana yake hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu, kwa hiyo waini haina utamu. Mgeni aliyekulia soda na pombe ya ndizi akipewa hiyo hukunja uso, akaiacha glasi chini ya kiti, na glasi iliyo chini ya kiti ndiyo waini ghali kuliko zote. Stein, neno la maboksi meupe ya huko, ni yenye utamu wa wastani. Late Harvest ni tamu zaidi. Sheria yao inataka isipungue gramu 20 za sukari kwa lita. Natural Sweet haihitaji maelezo.

Mimi nikiwa na fedha za maboksi matatu, mawili huwa nyekundu tamu na moja jeupe la Stein. La dry nanunua pale tu ninapojua kwa majina watu watakaolinywa, kwa kawaida ndugu waliokaa Ulaya wakarudi na ulimi mwingine. Wajuzi wa Dar es Salaam watakuambia waini tamu ni ya washamba. Waache, hawajachangia.

Soma na namba ya kileo. Kuna maboksi ya asilimia 8 na kuna ya 13, yamesimama bega kwa bega na bei zake zinakaribiana. Glasi tano za asilimia 8 zina kileo sawa na glasi tatu za asilimia 13. Shughuli inayoanza saa tisa mchana chini ya turubai, watu wakiwa hawajala tangu misa ya asubuhi, inahitaji ile ya 8. Ya 13 iache kwa ajili ya chakula cha usiku. Na lebo ikisema ni kinywaji chenye waini na ladha ya matunda, ujue hapo waini imechanganywa na vitu vingine; si kosa, ila usiilipie kama waini kamili.

Zile pakiti za lita moja zinazofanana na za maziwa ni kitu kingine kabisa. Hazina mfuko unaosinyaa, kwa hiyo ukifungua, hewa inaingia kama kwenye chupa. Nafuu yake ni kutovunjika, basi.

Kuna atakayeuliza, na ana haki: mbona tunaagiza kutoka Rasi ya Tumaini Jema wakati Dodoma kuna zabibu? Mizabibu ya Dodoma ilianza na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950, watu waliotaka waini ya altare bila kungoja meli. Ardhi ikawakubali kuliko walivyotarajia. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au wa Rasi halijui, kwani kwao mzabibu hulala baridi ikiingia. Kuna Makutupora nyekundu, yenye jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na kuna Chenin Blanc, zabibu ileile inayojaza maboksi mengi meupe ya Afrika Kusini. Hombolo wapo CETAWICO. Na Tanzania Distilleries, haohao wa Konyagi, wanatoa Dompo na Imagi. Serikali nayo imeweka mkono: waini ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini hutozwa ushuru mdogo sana ukilinganisha na ya zabibu za nje.

Kwa hiyo ukiwa na wageni wanane nyumbani, sahau boksi. Chukua chupa mbili tatu za Dodoma, zipoze, mzimalize usiku huohuo. Dompo ni tamu na nzito, inafaa glasi ndogo baada ya chakula, na wazee wanaipenda. Kwa meza ndogo Dodoma inashinda kwa bei na kwa ladha, nami sioni aibu kusema inashinda pia kwa sababu ni yetu.

Kwa wageni mia na ishirini mambo hubadilika, na kinachobadilisha ni kioo. Waini ya Dodoma ninayoikuta katika maduka ya Mwanza ni ya chupa. Kila mwaka tunasikia wakulima wa Dodoma wakilia kuwa wana mchuzi wa zabibu kwenye matangi na mnunuzi hayupo. Huku kisiwani ipo kamati inayotafuta lita kumi na tano za waini tamu ya bei nafuu. Kati ya hao wawili imesimama chupa ya kioo, na mimi naona inawagharimu wote. Siku boksi la lita tano la Makutupora litakaposhuka gati la Nansio kwa wingi na kwa bei ya ushuru ule mdogo, nitaifuta nusu ya sura hii kwa furaha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini ifanye kwa kalamu. Boksi la lita tano ni chupa sita na theluthi mbili. Chukulia chupa ni shilingi 15,000: hiyo ni shilingi 20,000 kwa lita, kwa hiyo boksi lolote la chini ya laki moja limeishinda chupa hiyo. Likizidi laki, chupa imeshinda, acha kushangilia ukubwa wa boksi. Nimeshaona dukani boksi lililokuwa ghali kwa lita kuliko chupa ya jina lilelile kwenye shelfu ya juu yake; muuzaji alijua kwamba mnunuzi wa boksi hagawanyi.

Sasa wageni. Kati ya mia na ishirini, toa watoto, toa wasiokunywa kwa imani au kwa dawa, toa wa bia, ambao kwetu ni wengi. Wa waini wakifika thelathini umekisia vizuri. Glasi tatu kwa kila mmoja ni glasi tisini. Glasi ya mililita 150, yaani pungufu kidogo ya nusu ya chupa ya soda, inakupeleka kwenye lita kumi na tatu na nusu. Maboksi matatu yanatosha na glasi kumi zinabaki. Lita kumi na tano hizohizo zingekuwa chupa ishirini, na chupa tupu hukaribia nusu kilo: ungevusha ziwani kama kilo kumi za kioo ambacho hakuna anayekinywa. Lakini hesabu hii inasimama kwa sharti moja, kwamba koki inashikwa na mtu mzima mmoja. Ukiwaachia vijana wamimine kila mmoja kwa mkono wake, glasi inajazwa hadi ukingoni, na maboksi matatu yanaisha kabla ya kuingia kwa bibi harusi. Miminieni kwenye jagi, jagi ndilo lizunguke.

Kuhusu safari nitasema machache ila yashike. Ukija kwa meli, usikubali boksi likae sitahani juani. Liingize ndani, kivulini, mbali na injini. Ukija kwa barabara, kupitia Bunda hadi Kisorya, halafu kivuko cha kwenda Rugezi, adui yako ni kona ya kreti ya bia: inatoboa kadibodi na mfuko kwa pamoja. Boksi liwe juu ya kreti, kamwe si chini yake. Na koki itazame juu njia nzima. Koki iliyogandamizwa hudondosha tone tone, na utakachokuta mwisho wa safari ni gari lenye harufu ya sherehe iliyokwisha kufanyika.

Kupoza ni kazi yenye mtego. Nansio ni mji wa samaki, barafu haikosi, na kila kamati ina mtu anayesema, "Tumbukiza boksi kwenye barafu ya sangara." Usitumbukize. Kadibodi hulowa, chini huachia, na mfuko unadondoka miguuni pako. Harufu ya samaki nayo hukaa kwenye koki, mahali pabaya kuliko pote. Toa mfuko mzima kwenye boksi, ufunge ndani ya mfuko mwingine safi, uulaze kwenye beseni la barafu iliyonunuliwa kwa ajili hiyo, kisha urudishe boksini wakati wa kuhudumia ili koki ipate pa kusimamia. Nyeupe ipate saa mbili. Nyekundu nayo ipate nusu saa. Najua vitabu husema nyekundu inywewe kwa joto la chumbani, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya cha nyuzi kumi na saba hivi, siyo ukumbi wenye mabati na watu mia na ishirini.

Chakula chetu hakina ugomvi na boksi. Sato wa kuchoma mwenye ndimu na Stein iliyopoa ni jambo ambalo ningelila kila wiki kama ningeweza. Sangara wa kukaanga vilevile. Mbuzi apewe nyekundu. Kamongo, kwa mafuta yake, anataka kitu kikali zaidi ya maboksi matamu tuliyonunua. Hapo ndipo lile boksi la dry lingepata kazi. Dagaa wa kukaanga wapelekwe mezani mapema pamoja na glasi ya kwanza, wageni wasinywe na njaa.

Na kama boksi jekundu ulilopata ni dry, na ni lenyewe tu lililokuwa dukani, machungwa ya Ukerewe yatakuokoa. Kamua machungwa mpaka upate nusu lita ya juisi, changanya na lita moja ya waini, tia sukari vijiko viwili vitatu ukionja, tia vipande vya machungwa na barafu nyingi, acha saa moja. Wahispania wana kitu cha namna hiyo wanachokiita sangria na wanakiuzia watalii kwa majivuno. Kwetu kinagharimu kikapu cha machungwa kutoka shambani kwa mjomba. Kinapunguza kileo, kinaongeza ujazo kwa nusu, na mashangazi wanarudisha glasi wazi wakitaka nyingine.

Koki ikianza kutoa kidogo kidogo, kuna watakaosema limeisha. Halijaisha. Toa mfuko, uinamishe, uukamue kama unavyokamua nguo. Glasi moja au mbili bado zimo kwenye mikunjo, na kwenye maboksi matatu hizo ni za watu wa jikoni, ambao kwa kawaida husahauliwa.

Usitupe mfuko. Suuza mara tatu kwa maji ya moto kiasi, ujaze maji, unabeba lita tano bila kuvuja. Shangazi yangu anayo mitatu ya kwenda nayo shamba, na wa nne ameupuliza hewa akauvalisha foronya. Anaulalia mchana chini ya mwembe.